Gari ya familia: tizama kisichofunguka kwa spana

Nimeletewa swali na mama mmoja wa Fuoni, hapa Unguja, nalieka hapa kwa ufupi ili na wengine wafaidike:

"Ami, assalaam alaykum. Tunataka kununua gari ndogo, tuko watano, mimi na mume wangu, watoto wawili wa skuli na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mume wangu anataka ile yenye sura kali, paa limelala kwa nyuma, vioo vyembamba, rangi nyeusi na rimu kubwa. Mimi napenda zile za kiboksi boksi ila kila nikitaja naambiwa hizo gari za kizee. Sasa, hivi umbo la nje lina maana yoyote kwenye matumizi au ni pambo tu na mimi nagombana na mtu bure?"

Waalaykum salaam mwanangu. Hugombani bure, ila mnagombania vitu viwili tofauti na hamjajua. Mimi ni fundi bodi, miaka 20 na kitu sasa nanyoosha na kupiga rangi, na faida ya kazi hii ni kwamba unaziona gari zikiwa hazina nguo, bampa iko chini, shoo (ule wavu wa mbele baina ya taa) iko kule ukutani, taa zimetolewa zimefunikwa na kanga ya mtu, na hapo ndo unajua kipi kilikuwa uso na kipi kilikuwa mwili.

Ntakupa kisa kimoja. Kuna siku nilikuwa na Vitz ya zamani na IST ya zamani, zote gari ndogo za Toyota, uwani kwangu, zote mbili zimevuliwa mbele. Kijana wangu mgeni akawa anabisha kwamba IST ni gari kubwa, ni kama Jeep, Vitz ni ya kina dada. Nikampa futi nikamwambia pima kutoka katikati ya tairi ya mbele mpaka katikati ya tairi ya nyuma. Vitz akapata milimita 2370. IST akapata 2370. Akapima tena, akadhani futi imejikunja. Haijajikunja, gari hizo mbili chini yake ni msingi mmoja, IST wameipandisha bodi kidogo (urefu wa kwenda juu milimita 1530 dhidi ya 1500), wameipanua mabega ikafika 1695, wakaipa tairi nene na fenda zilizovimba, na jicho lako likaamini kila kitu. Hiyo ndo kazi ya mchoraji wa gari na wala si uongo, ni kama mshoni mzuri tu, mtu yule yule akivaa kanzu iliyokatwa vizuri unamuona kaongezeka kimo.

Na hiyo 1695 nayo haikuja kwa bahati. Japani gari ikizidi upana wa mita 1.7 inahama daraja la namba, inahesabiwa kubwa, ndo maana gari ndogo nyingi mno zinazoshushwa hapa kwetu utakuta ni 1690, 1695, zimegota pale pale. Wao wamefanya kwa sheria zao na sisi tumefaidika vichochoroni.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wenu. Mumeo anapenda uso. Wewe unapenda mwili. Uso wa gari, yaani bampa, shoo, taa, zile plastiki nyeusi za pembeni, vyote vimefungwa kwa bolti na klipu, mimi na kijana wangu tunavitoa chini ya saa moja na chai tumeshakunywa. Lakini paa lilipoanza kushuka, kioo kilipoanzia, unene wa nguzo (yale mabati yanayobeba paa baina ya vioo), mlango unavyofunguka na tairi zilipokaa, hivyo hakuna fundi atakaekubadilishia hata umpe nini. Kwa hiyo mtu anaenunua gari ya familia kwa ajili ya uso amenunua kitu cha kufungua na spana, amesahau kutizama kisichofunguka.

Tuanze na vioo maana hapa ndo pana maneno mengi. Angalia gari za miaka ya themanini na tisini, mstari pale kioo kinapoanzia mlangoni uko chini, mtoto aliekaa nyuma anaona nje mpaka ng'ombe aliekaa kando ya njia. Gari za sasa ule mstari umepanda, na kwa nyuma unazidi kupanda mpaka kioo cha mwisho kinabaki kipembe tatu cha kuwekea kibandiko. Sababu ziko kadhaa. Ulaya na Japani walileta masharti ya kumlinda mtu anaegongwa na gari, boneti ikatakiwa iwe juu na iwe na nafasi baina yake na injini ili kichwa cha mtu kikigonga bati libonyee kwanza kisikutane na chuma cha injini, sasa boneti ikipanda na mstari wa mlango lazima upande uifate ama sivyo gari itakuwa na sura ya sahani iliyovunjika. Milango ikawa minene kwa ajili ya kugongwa ubavuni, nguzo za mbele zikanenepa ili paa lisibonyee gari ikipinduka. Hayo ni ya maana, usiyadharau. Lakini juu ya hayo wachoraji wakaongeza na yao, kwa sababu kioo chembamba na bati jingi kunaifanya gari ionekane imejaa misuli, na hiyo sasa ndo starehe ya mumeo, na gharama yake unailipa wewe ukiwa kwenye rivasi.

Nshaletewa sana gari zilizobonyea mlango wa nyuma wa kushoto na ile kona yake, na mwenye gari anakwambia "sikuiona ile nguzo ya kando ya njia". Hakudanganya. Sisi dereva anakaa kulia, kwa hiyo kona ya nyuma kushoto ndo iko mbali na macho yake, na pale pale ndo mchoraji kaweka nguzo ya gari nene ya kupendeza. Kuna gari moja watu wanaicheka hapa, Nissan Cube, ile ya kuanzia 2002, ukiitizama kwa nyuma haijakaa sawa, upande wa kushoto kioo kimezunguka kona na upande wa kulia kuna nguzo nene, watu wanasema aliyeichora alikuwa na usingizi. Hakuwa na usingizi hata kidogo. Kaifungua kona ya kushoto kwa sababu dereva wa Kijapani anakaa kulia kama sisi, na hapo ndo anapohitaji kuona. Mimi siipendi ile gari kwa sura, nasema kweli, lakini kila nikiiona naivulia kofia.

Kwa hiyo mkienda yadi usisimame mbele ya gari. Wauzaji wanajua, wanazipanga zote uso nje kama samaki wa sokoni. Zunguka nyuma, simama kwenye kona, halafu ingia kwenye kiti cha dereva, geuza shingo kushoto kama unataka kurudi nyuma, mwambie mwanao mdogo asimame hatua nne tano kutoka ile kona (gari iwe imezimwa bwana). Unamuona? Kama unaona nguzo tu na ncha ya kofia, basi ushapata jibu.

Na wanao wakae nyuma huku wewe uko nje, tizama macho yao yako wapi, juu ya mstari wa kioo au chini yake. Mtoto asieona nje safari ya kutoka Fuoni mpaka Makunduchi atakutapikia, kwa sababu mwili unasikia gari inakata kona na macho yanaona mgongo wa kiti tu. Watu wananunua vidonge, kumbe tatizo jengine ni kioo.

Paa sasa. Paa lililolala nyuma lina sababu yake nzuri, upepo unapita bila ya kukwama na gari inakula mafuta kidogo. Ila upepo nao una mahesabu yake, mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu ya upepo inazidi mara nne, maana yake ukiwa na 40 upepo ni mdogo na ukifika 80 ni mara nne ya ule. Mtu anaekwenda masafa kwenye barabara za Ulaya kwa 120 hapo paa la kulala linamlipa. Wewe na foleni ya Mwanakwerekwe asubuhi, upepo gani huo? Unakuwa umelipia kwa kichwa cha mama mkwe kugusa paa ili uokoe mafuta ambayo huyaokoi.

Na kuna jambo hawalisemi, kioo cha mbele kikilala sana jua linaingia mpaka mapajani. Kioo kilichosimama jua la mchana linakipiga kwa juu na paa linasaidia kukinga, kilicholala kinakuwa kama dirisha la paani, dashibodi inaoka na wewe unaoka nayo. Kwa nchi yetu hii mimi ningempa zawadi mchoraji anaesimamisha kioo.

Magoti ya mama mkwe ndo yangeamua gari kama ningekuwa mimi. Mtu mwenye magoti mabaya hataki gari ya chini ya kujitupa na hataki gari ya juu ya kupanda, anataka kiti kiwe usawa wa pale anapokalia akisimama, ageuke, akae, aingize miguu. Gari ya kiboksi kwa sababu imesimama, viti vyake vinawekwa juu kidogo, mtu anakaa kama yuko kwenye kiti cha baraza, na hiyo hiyo ndo inaokoa nafasi ya miguu kwa urefu. Kisha mlango wa nyuma, utizame ukiwa wazi, ile kona yake ya juu kwa nyuma. Kwenye gari ya paa la kulala ile kona imekatwa, inashuka, mzee lazima ainamishe kichwa na huku anageuka na magoti hayataki. Kwenye kiboksi mlango ni mstatili, basi.

Wajapani kwa hili wamehangaika sana, wana wazee wengi. Toyota wana Raum, ile ya 2003 upande wa kushoto haina nguzo ya kati, unafungua mlango wa mbele, unasukuma wa nyuma, panabaki uwazi kama wa duka. Porte, Toyota pia, ina mlango mmoja mkubwa wa kusukuma upande wa kushoto, na kwa kuwa sisi na wao sote tunapita kushoto mlango unafungukia kando, si barabarani kwenye vespa. Sienta yao nayo ni ya kusukuma, pande zote mbili. Shida ya hizi ni reli za milango, mchanga na chumvi vikikaa mle na mtu hasafishi, mlango unaanza kulia kama bawaba ya mlango wa Mji Mkongwe, na zile za umeme ikifa mota bei yake si ya mchezo. Ukinunua moja ya hizo basi reli ipitishiwe brashi, si lazima fundi.

Sasa hili la "gari ya kizee". Hapa mumeo ana haki kidogo, kuna viboksi vibaya kweli kweli, na ntakwambia ubaya unatoka wapi. Gari ikisimama vizuri au vibaya ni tairi. Mwaka 1959 Uingereza Alec Issigonis alitoa Mini, urefu mita 3 na kidogo tu, injini akailaza kwa upana badala ya urefu, tairi akazisukuma mpaka kwenye kona kabisa, na asilimia kama 80 ya sakafu ikabaki ya watu na mizigo. Gari imekaa kama meza, mguu mmoja kila kona, na mpaka leo watu wanaiona nzuri na wala haina sura ya hasira, ina macho mawili ya mviringo kama mtoto. Kiboksi kikiwa na tairi kwenye kona kinapendeza. Kiboksi chenye pua ndefu mbele ya tairi na matako marefu nyuma kinakuwa kama mkate wa mofa umewekwa juu ya vikombe. Na kuna faida ya barabara pia, pua fupi haikwaruzi tuta. Wewe tizama kutoka ubavuni uone bampa imetoka kiasi gani mbele ya tairi.

Vitz ya kwanza ya 1999 ilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na mimi nikiipiga rangi mpaka leo nasema yule bwana alijua kazi. Ndogo lakini mgongo wake umezungushwa bila ya kona, hakuna mstari wa bure. Na hapa nikupe siri ya fundi bodi: ile mistari mikali unayoiona ubavuni mwa gari za sasa, iliyokatwa kama kwa kisu, kiwandani inasaidia bati kuwa gumu, maana bati lenyewe ni jembamba, halifiki hata milimita moja, ukilikunja linajishika. Lakini siku vespa imekugusa pale pale kwenye mstari, kuurudisha ule ukali ni kazi ya siku nzima na puti ya kujazia, na ukitizama kwa pembeni jioni utaona umetetereka. Bati la mviringo mpole linarudi vizuri, hata kwa kusukumwa kwa ndani. Mlango wenye mistari mitatu minne kwa mji wenye vespa na baskeli kama wetu, mimi ningefikiri mara mbili.

Rangi. Nyeusi hapana, na sisemi kwa ubishi. Saa nane mchana eka mkono juu ya boneti nyeusi halafu juu ya nyeupe, mkono wenyewe utakwambia. Joto kubwa la ndani linapita kwenye vioo ni kweli, ila rangi inaongeza lake, na nyeusi inaonesha kila mchubuko wa kitambaa cha kuoshea na kila tone la maji ya chumvi. Nyeupe nazo si moja. Kwenye Toyota kuna kibati kidogo, aghlabu kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR, hapo ndo pana namba ya rangi. Ukikuta 040 hiyo ni nyeupe ya kawaida, ukigongwa nakuchanganyia na naipata. Ukikuta 070 hiyo ni ya lulu, nzuri, inang'aa kama ndani ya kombe, ila inapigwa kwa tabaka, nyeupe ya chini kisha lulu kisha kliya (tabaka la juu lisilo na rangi), na kuilinganisha na ya zamani iliyokaa juani miaka kumi ni mtihani, mara nyingi lazima nivute rangi mpaka kwenye mlango wa jirani, na unalipa milango miwili kwa mchubuko wa mmoja. Fedha 1F7 kwangu mimi ndo rangi ya mtu mwenye watoto, vumbi halionekani na michubuko inajificha.

Rimu. IST ya zamani kwa mfano inakuja na tairi 185/65R15, yaani rimu ya inchi 15. Watu wanaweka rimu ya 17 na tairi 205/45, kwa urefu wote haijabadilika sana, ya mwanzo inasimama kama milimita 621 na ya pili 616, mita ya mwendo haitakosea sana. Kilichobadilika ni mpira wenyewe baina ya rimu na barabara, kutoka milimita 120 umebaki 92. Sentimita karibu 3 za mto umezitupa, na shimo halikutupwa, liko pale pale. Rimu inapinda, shokapu inakufa mapema, mama mkwe anasikia kila kokoto. Kama anataka rimu nzuri atafute za kuchongwa za 15 hiyo hiyo, zipo na zinapendeza. Na wale wanaoeka spesa (vipande vya kuinulia springi) ili gari inyanyuke, ikinyanyuliwa kupita kiasi sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) zinakaa pembe mbaya zinaisha, na kwenye kona gari inalala kama jahazi.

Bodikiti (zile plastiki za kuongeza chini ya bodi) na spoila naenda mbio. Kipande kidogo cha juu ya buti kilichokuja na gari kiache, kinasaidia upepo kidogo na mara nyingi kina taa ya breki. Cha kubandika kwa skrubu usikubali, kila tundu linalotobolewa kwenye bati na hewa yetu hii ya bahari ni mlango wa kutu, nimevua bodikiti nikakuta chini yake fenda imekuwa biskuti.

Taa ndo kitu pekee cha usoni ambacho ningekitizama kwa makini kwenye gari iliyotumika. Si kioo, ni plastiki iliyopakwa tabaka gumu juu, na jua linalila lile tabaka, taa inakuwa njano na usiku huoni. Watu wanasugua kwa dawa ya meno, inang'aa wiki mbili tatu kisha inarudi mbaya zaidi kwa sababu hakuna tena kinga. Inatakiwa ipigwe msasa wa maji, 800, 1000, mpaka 2000, halafu poleshi, halafu kliya juu. Gari mpya mpya zenye taa kubwa zilizojikunja mpaka kwenye fenda zinavutia, ila ikivunjika unanunua taa nzima, na bei yake kaulize kabla hujaipenda. Na zile plastiki nyeusi za kwenye fenda zitapauka kuwa kijivu, hakuna la kufanya zaidi ya kuzipaka mafuta yake kila mara au kuzipiga rangi.

Basi mkienda nendeni nyote watano, mchana wa jua, mama mkwe akae mwenyewe bila ya kushikwa mkono. Chagueni mwili kwa macho yako na magoti yake. Halafu mumeo mwambie ami kasema shoo nyeusi na rimu za kuchongwa za 15 anaruhusiwa, aje nazo uwani, nitamfungia mwenyewe.